Jicho la kichanga halisubiri: safari ya kemikali zilizotoka kwenye utumbo wa farasi mpaka retina ya mwanao

SEHEMU YA 1: KOSA LANGU

Nesi wenu nimerudi. Wiki hii sitazungumzia uji wala homa. Nataka niwape historia. Ni ndefu kidogo, nimeikata vipande 8, kwa hiyo lete chai, mlaze mtoto, tukae.

Kwanza niungame. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, mama mmoja alileta mtoto kwa chanjo ya wiki 14. Mtoto mnene, uzito uko vizuri kwenye kadi, anacheka. Ila kope la jicho la kushoto lilikuwa limelala, limefunika karibu mboni yote. Mama akaniuliza, "Nesi, hili jicho mbona halifunguki kama lenzake?" Nikiwa na foleni ndefu nyuma yake, nikamjibu, "Usijali mama, akikua litafunguka lenyewe."

Alirudi mtoto ana miaka 4. Safari hii tukampa rufaa, akafanyiwa operesheni, kope likapandishwa. Ukimtazama, macho mawili mazuri tu. Lakini ukiliziba jicho la kulia ukamwambia ataje picha ukutani, anapapasa hewa. Jicho lenyewe halikuwa na kidonda, halikuwa na ukungu. Lilikuwa zima, ila halioni vizuri. Daktari wa macho alimwanzishia kuzibwa jicho zuri kwa masaa kila siku ili lile legevu lilazimike kufanya kazi, na kweli lilipata nafuu. Nafuu, siyo kupona kabisa.

Yule mama hakunilaumu. Hakujua kama kulikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekuja kujua, siku nilipoamua kusoma kwa nini jicho zima linaweza kukosa kuona. Nilichokikuta ndicho ninachowaletea. Kinaanzia mbali sana na macho. Kinaanzia kwenye utumbo wa farasi.

SEHEMU YA 2: UNGA WA LONDON, 1931

Mwaka 1931 kijana mmoja wa Sweden, Ulf von Euler, alikuwa London akijifunza kazi kwenye maabara ya Henry Dale. Alikuwa na miaka 26 tu. Nyumbani kwao sayansi ilikuwa kama chumvi ya mboga: baba yake alikuwa ameshinda Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1929, na mama yake, Astrid Cleve, ndiye mwanamke wa kwanza Sweden kupata shahada ya udaktari wa sayansi asilia, mwaka 1898. Mama huyo alizaa watoto 5 na hakuacha utafiti. Nawataja akina mama makusudi, mtaona mbele wapo wengine.

Von Euler na mwenzake John Gaddum walichukua utumbo na ubongo wa farasi, wakausindika wakitafuta kemikali moja iliyokuwa inajulikana tayari. Wakapata kitu kingine. Walipompa sungura, presha ya damu ilishuka. Walipokiweka kwenye kipande cha utumbo wa sungura, utumbo ulijikunja. Hakikuwa kile walichokitafuta. Kwenye daftari zao waliandika herufi P tu, ya yale maandalizi yao ya unga, na jina likabaki hilo: Dutu P.

Sasa hebu tulia hapa. Kitu kilekile kiko kwenye utumbo na kiko kwenye ubongo. Kwa watu wa wakati ule hiyo ilikuwa ajabu. Tumbo na kichwa vinahusiana nini? Leo hata sisi tunasema "tumbo limenishtuka" tukipata habari mbaya, lakini wakati ule hakuna aliyekuwa na maelezo.

Dutu P ikakaa bila kueleweka miaka 40. Aliyeifungua ni mwanamke, Susan Leeman, kwenye Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani. Na yeye hakuwa anaitafuta! Alikuwa akitafuta homoni nyingine kwenye ubongo, akaona panya aliowachoma sindano ya yale maji ya ubongo wanatokwa mate kupita kawaida. Mtu mwingine angefuta mate akaendelea na kazi yake. Leeman akaamua kuyafuata mate. Mwaka 1971 yeye na Michael Chang walitangaza muundo wake: mnyororo mfupi wa vipande 11 vya asidi amino, vilevile vinavyojenga protini ya maharage na dagaa unaokula. Ilikuwa ni ile Dutu P ya 1931.

Minyororo mifupi ya namna hii inaitwa peptidi. Zile ambazo seli za neva zinazitumia kupelekeana habari zinaitwa nyuropeptidi. Likariri hilo neno, ndilo mgeni wetu wa leo.

SEHEMU YA 3: NGURUWE, KONDOO NA MAMA WA BRONX

Baada ya hapo zikaanza kutokea moja moja.

Mwaka 1970 Sami Said na Viktor Mutt, huko Stockholm, walitoa kwenye utumbo wa nguruwe peptidi nyingine inayopanua mishipa ya damu. Ina vipande 28. Kwa kifupi inaitwa VIP. Msicheke, siyo wale wa viti vya mbele harusini. Ila mtaona baadaye kwamba kwenye jicho nayo ina kiti chake.

Mwaka 1973 kundi la Roger Guillemin, kule California, likatoa kwenye ubongo wa kondoo peptidi ya vipande 14 inayozuia homoni ya ukuaji. Wakaiita somatostatini.

Tatizo likawa hili: vitu hivi viko mwilini kwa kiasi kidogo mno. Utavipimaje? Dawa ya tatizo hilo ilikuwa imeshapatikana tangu miaka ya 1950, kwenye hospitali moja ya maveterani mtaa wa Bronx, New York. Rosalyn Yalow, mama wa watoto 2, pamoja na Solomon Berson, waligundua namna ya kupima homoni chache sana kwenye damu kwa kutumia kingamwili na chembe za mionzi. Kingamwili ni wale askari wa mwili ambao kila mmoja anamtambua mtu wake mmoja tu. Ukiwa na askari anayeijua insulini, atakutafutia insulini hata kama ni tone ndani ya pipa. Yalow na Berson hawakuchukua hatimiliki ya njia hiyo. Kila maabara duniani ikaitumia. Mwaka 1977 Yalow akapewa Nobeli, pamoja na Guillemin na Andrew Schally. Alikuwa mwanamke wa pili tu kupata Nobeli ya tiba.

Askari hao hao, ukiwapaka rangi inayong'aa, wanaweza kukuonyesha kwa hadubini ni seli ipi hasa inayobeba peptidi unayoitafuta. Na hapo ndipo watu walipogeukia jicho.

SEHEMU YA 4: NDANI YA RETINA KUNA MTAA MZIMA

Retina ni utando mwembamba uliotandikwa nyuma kabisa ya jicho, kama kitambaa ndani ya bakuli. Wengi tulifundishwa kwamba ni kama filamu ya kamera: mwanga unaingia, picha inapigwa, basi. Siyo hivyo. Retina ni kipande cha ubongo. Mtoto akiwa tumboni, kwenye mwezi wa pili wa mimba, sehemu ya ubongo unaojengwa inachomoza mbele, inajikunja kama kikombe, na kikombe hicho ndicho kinachokuwa retina. Kwa hiyo mwanao akikukazia macho wakati ananyonya, ujue ubongo wake uko pale pale mbele unakutazama.

Mwaka 1893 Mhispania Santiago Ramón y Cajal alichapisha kazi kubwa kuhusu retina. Aliipaka rangi, akaiangalia kwa hadubini, akachora kwa mkono seli moja moja. Akakuta zipo zinazopokea mwanga, zipo za kati zinazopokezana habari kama madalali, na zipo za mwisho zinazopeleka habari kwenye ubongo kupitia mshipa mkuu wa neva. Katikati ya hao akaona seli za ajabu, hazina ule mkia mrefu wa kawaida wa seli za neva. Akaziita amakrini, maana yake zisizo na uzi mrefu. Kazi yake haikujulikana.

Mwaka 1954 von Euler yule yule wa utumbo wa farasi, akiwa na wenzake, akakuta Dutu P kwenye retina ya mnyama. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa kutumia wale askari wenye rangi, watafiti kama Nicholas Brecha na Harvey Karten walianza na retina ya njiwa, wakaona peptidi zimejaa wapi? Kwenye amakrini! Baadaye zikaonekana kwa sungura, panya, tumbili na binadamu: Dutu P, somatostatini, VIP na nyingine kadhaa. Kemikali za utumbo wa farasi na nguruwe zilikuwa zinaishi kwenye macho yetu siku zote.

Zinafanya nini humo? Nitumie mfano wa nyumbani. Seli za neva zikitaka kuambiana jambo la haraka, zinatumia kemikali za haraka. Ni kama kumpigia mtu simu: anapokea yeye, mnaongea, mnakata. Peptidi ni kama udi. Ukiwasha chumbani, harufu haiendi kwa mtu mmoja. Inasambaa taratibu, inafika ukumbini, inakaa, na kila aliye ndani ya nyumba anabadilika kidogo. Peptidi haziamrishi "ona hiki". Zinarekebisha hali: ongeza nguvu huku, punguza kule, na kwa jicho changa, kua hivi, acha kukua vile.

SEHEMU YA 5: JICHO LINAFANYA MAZOEZI GIZANI

Hapa ndipo mimi niliposisimka.

Panya anazaliwa macho yamefumba, na yanafunguka kama wiki 2 baadaye. Kama retina ingekuwa filamu ya kamera, ingesubiri mwanga ndipo ianze kazi. Lakini watafiti walipochunguza retina za wanyama wachanga, walikuta baadhi ya peptidi zimeshatokea kwenye seli kabla macho hayajafunguka, na vipokezi vyake pia. Tena wakati huo viungio kati ya seli na seli vingi bado havijajengwa. Udi umewashwa kabla wageni hawajaingia. Maana yake peptidi hizo hazipo kwa ajili ya kuona peke yake. Wanasayansi wanaona kwamba zina mkono pia kwenye kujenga.

Mwaka 1988, mjini Pisa, Italia, Lucia Galli na Lamberto Maffei walifanya jambo gumu sana: walisikiliza umeme wa seli za retina ya panya ambaye hajazaliwa. Gizani, tumboni. Na seli zilikuwa zinapiga! Mwaka 1991 kundi la Marekani, akiwemo Carla Shatz, likaonyesha kwamba mapigo hayo yanakwenda kama mawimbi, yanapita kwenye retina kutoka upande mmoja hadi mwingine. Retina inatuma habari za majaribio kwa ubongo, kama fundi umeme anayejaribu waya kabla wenye nyumba hawajahamia. Seli zinazopiga pamoja zinaunganishwa pamoja. Kwenye mawimbi ya mwanzo, kazi kubwa inafanywa na amakrini, zile zile za Cajal.

Kwa binadamu, kope za mtoto zinakuwa zimeungana tumboni na kuanza kufunguka kama wiki ya 26 ya mimba. Akizaliwa kwa wakati, anaona vizuri kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, yaani kutoka kwenye titi mpaka usoni kwako. Kile kitovu cha retina kinachotumika kusoma na kutambua sura kinaendelea kujengwa miaka kadhaa baada ya kuzaliwa.

Kwa hiyo mama, siku ya kuzaliwa siyo siku jicho limekamilika. Ni siku jicho linabadilisha mwalimu. Mpaka jana lilijifundisha kwa mawimbi yake lenyewe. Kuanzia leo linafundishwa na mwanga na picha halisi. Na kama mtoto alizaliwa njiti, retina yake ilitoka nje kabla hata mishipa yake ya damu haijamaliza kusambaa. Ndiyo maana njiti wanahitaji kupimwa retina na daktari wa macho ndani ya wiki chache. Usiondoke wodini bila kuuliza tarehe ya kipimo hicho.

SEHEMU YA 6: KOPE LILILOFUNGWA

Sasa narudi kwa yule mtoto wangu wa wiki 14.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale Harvard, David Hubel na Torsten Wiesel walichukua paka wachanga, wakawafunga kope la jicho moja kwa nyuzi kwa miezi kama 3, kisha wakalifungua. Najua ni ngumu kusikia, na mimi napenda paka. Lakini tuwape heshima yao wale wanyama kwa kujua walitufundisha nini. Jicho lilikuwa zima, ila ubongo haukulisikiliza tena. Nafasi yake kwenye ubongo ilikuwa imechukuliwa na jicho lililobaki wazi. Walipomfanyia hivyo paka mkubwa, hakuna kilichoharibika. Kumbe kuna muda maalumu, dirisha ambalo likipita linaanza kufunga. Kazi hiyo iliwapa Nobeli mwaka 1981.

Hilo ndilo jicho legevu. Hilo ndilo lililompata mtoto wangu. Kope lililolala lilifanya kazi ya zile nyuzi.

Lakini hadithi haikuishia kwenye ubongo. Mwaka 1977 Wiesel na Elio Raviola waliona jambo lingine kwa tumbili waliofungwa kope wangali wachanga: jicho lenyewe lilirefuka kuliko kawaida. Jicho likirefuka, picha inaangukia mbele ya retina, na mtu haoni vitu vya mbali. Mwaka uliofuata Josh Wallman na wenzake wakaona yale yale kwa vifaranga wa kuku. Halafu mwaka 1987 kundi la Wallman likakata ule mshipa wa neva unaounganisha jicho la kifaranga na ubongo. Jicho lililonyimwa picha likarefuka vile vile! Yaani amri ya kukua haikutoka kwenye ubongo peke yake. Ilitoka ndani ya jicho.

Nani ndani ya jicho anatoa amri? Mwaka 1988 Richard Stone, Alan Laties, Raviola na Wiesel walipima retina za tumbili waliofungwa kope moja. Kwenye jicho lililofungwa, peptidi moja ilikuwa imeongezeka kuliko kwenye jicho la wazi. Ilikuwa VIP. Ile ya utumbo wa nguruwe, ikikaa kwenye amakrini. Mwaka 1989 Stone na wenzake wakaonyesha kwa vifaranga kwamba dopamini, kemikali nyingine ya amakrini, inapungua kwenye jicho lililozibwa. Dopamini ya retina inaongezeka kwa mwanga. Namna VIP na dopamini zinavyogawana kazi bado inachunguzwa, lakini picha kubwa imekubalika: retina inasoma kile inachokiona, na kwa kemikali zake inalielekeza jicho zima likue kiasi gani. Mtoto asipoona vizuri, jicho linajijenga kwa ramani mbaya.

Siku niliposoma hayo, nilikumbuka maneno yangu: "akikua litafunguka lenyewe." Nilikuwa nimefikiri jicho linasubiri. Kumbe kila siku niliyomwambia yule mama asubiri, jicho lilikuwa linajenga.

SEHEMU YA 7: AKINA MAMA KWENYE BENCHI

Kabla ya orodha ya mambo ya kufanya, hiki kipande ni cha kuwapa nguvu.

Mwaka 1941 huko Sydney, Australia, daktari wa macho Norman Gregg aliona vichanga wengi mno wenye mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe kwenye lenzi. Inasimuliwa kwamba aliwasikia akina mama waliokuwa wakisubiri wakiongea wenyewe kwa wenyewe: wewe pia uliugua vile vipele mimba ikiwa changa? Hata mimi! Gregg akayafuatilia maneno yao. Akachapisha habari za watoto 78, na karibu mama zao wote waliwahi kupata rubella mwanzoni mwa mimba. Dunia haikuamini haraka. Lakini walikuwa sahihi, na ndiyo maana leo kuna chanjo. Tanzania tumeianza mwaka 2014, Kenya 2016, ikiwa pamoja na ya surua. Ile ya miezi 9 na miezi 18 kwenye kadi ya mwanao, ndiyo hiyo. Inamlinda yeye, na inamlinda mtoto wa jirani ambaye bado yuko tumboni.

Kwa hiyo mazungumzo yenu kwenye benchi la kliniki siyo umbea. Wakati mwingine ni sayansi inayosubiri mtu wa kuisikiliza. Ukiona kitu, sema. Ukijibiwa haraka haraka kama nilivyomjibu yule mama, rudia kusema.

SEHEMU YA 8: UANGALIE NINI, UFANYE NINI

Mpeleke mtoto hospitali yenye daktari wa macho, bila kungoja kliniki ijayo, ukiona:

1. Mboni nyeupe, ya kijivu, au inayong'aa kama jicho la paka, hasa kwenye picha za simu zenye flashi. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza pia kuwa saratani ya retina. Vyote vinataka haraka. Mtoto wa jicho mzito kwa kichanga unatakiwa kutolewa ndani ya wiki chache za mwanzo za maisha, siyo akifika umri wa shule.

2. Kope lililolala likafunika mboni, au uvimbe wowote unaoliziba jicho.

3. Kengeza la kudumu, au kengeza lolote linaloendelea baada ya miezi 4. Kwa kichanga mdogo macho kupishana mara moja moja ni kawaida. Usikubali kuambiwa ni baraka au ni urembo kabla hajapimwa.

4. Miezi 3 imefika na hafuatishi uso wako wala mwanga, au macho yanachezacheza hayatulii.

5. Jicho kubwa kuliko lenzake, lina ukungu, linatoa machozi sana na mtoto anaukimbia mwanga. Hiyo inaweza kuwa presha ya jicho.

6. Usaha kwenye macho ndani ya mwezi wa kwanza. Hiyo ni siku hiyo hiyo.

Na haya ya nyumbani. Usitie kwenye jicho maziwa, majani, mate wala dawa iliyobaki ya mtu mwingine. Usilizibe jicho la mtoto mdogo kwa bandeji siku nyingi kwa kuamua mwenyewe. Mmeona nyuzi za Hubel na Wiesel zilifanya nini. Kuziba jicho ni tiba pale tu daktari amepanga jicho lipi, masaa mangapi, kwa muda gani. Akikupangia, fuata hata kama mtoto analia.

Mkubwa wa miaka 6 na kuendelea, mtoe nje acheze. Siyo maneno ya bibi tu. Kule Guangzhou, China, shule 12 zilishiriki utafiti, watoto karibu 1,900 wa darasa la kwanza. Nusu ya shule ziliongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, na kwa wale wa kawaida asilimia 39.5. Dakika 40 tu za jua! Zima simu, mfungulie mlango. Retina yake inajua la kufanya na mwanga huo.

Kwa walio Tanzania, CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi wana wataalamu wa macho ya watoto, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha macho cha kuanzia. Kama mwanao ameshafika miaka 3, 5 au 7 na hukuwahi, usikate tamaa ukabaki nyumbani. Dirisha linafunga polepole, halifungi kwa kishindo. Matibabu yanaendelea kusaidia watoto wengi wa umri huo. Ila wiki hii ni bora kuliko mwezi ujao.

Yule mtoto wangu sasa yuko shule. Anakaa dawati la mbele, anavaa miwani, mama yake aliniambia anapenda hesabu. Tangu siku ile, kila kichanga anayefika mbele yangu, kabla sijashika sindano, namulika macho yote mawili. Inachukua nusu dakika. Foleni inanung'unika kidogo, halafu inazoea.

Leo usiku ukimnyonyesha, mtazame macho. Moja, halafu la pili. Kama kuna kitu kinakutia wasiwasi, niandikie au nenda hospitali kesho asubuhi. Na umtumie mwenzako aliyejifungua juzi, hajalala huyo, atasoma.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaongea masikio. Nesi wenu.